UZI: Testi 412 zilipita zote, nikaweka UPF zikafeli 37. Hizi X zinatoka wapi?

fundi_transista (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa shikamooni.

Tuko watu wanne, tunasanifu chipu ndogo ya vihisi vya shambani. Inakaa na betri miezi na miezi, muda mwingi imelala. Ndani tumeigawa kanda tatu za umeme. Ya kwanza haizimwi kamwe, iko volti 0.9, na humo ndimo anamokaa PMU, msimamizi wa umeme. Ya pili ni prosesa ya RISC-V, inatembea kwa volti 0.8 kazi ikiwa ndogo na 1.0 ikibanwa. Ya tatu ni kikokotoo cha kuchakata mawimbi, tunakiita ACC, kipo volti 0.8 na kinazimwa kabisa kisipohitajika.

Mwezi mzima tumefanya simulesheni ya RTL (msimbo wa Verilog unaoeleza saketi) ya kawaida. Testi 412, zote kijani. Tukashangilia, mmoja akanunua soda. Juzi bosi kasema leteni faili la UPF (linaloeleza kanda za umeme na swichi zake) mrudie. Nimerudia: 37 zimefeli. Nikifungua mawimbi naona X (thamani isiyojulikana) nyekundu kuanzia ACC inapozimwa, zinaingia kwenye basi (njia ya data), zinafika kwa prosesa, basi tena, kila kitu chekundu kama nyanya.

Sijagusa hata mstari mmoja wa RTL. Je, ni simulata imechanganyikiwa au ni mimi?

---

kasuku_wa_pwani

Nimetandika mkeka hapa, nasubiri wataalamu. Ila swali la mjinga kwanza: kwa nini volti tatu? Si mngeweka moja mkalala usingizi?

---

Bi Saketi

Kasuku, swali si la kijinga. Umeme unaoliwa na mageti yanapobadilika unakwenda kwa mraba wa volti. Ukishuka kutoka 1.0 hadi 0.8 kwa kasi ileile ya saa, unabaki na 0.64 ya matumizi, yaani umeokoa asilimia 36 bila kuondoa geti hata moja. Halafu kuna uvujaji: transista ikiwa imekaa tu bila kazi bado inavuja, na kwa kifaa kinacholala siku nzima, uvujaji ndio unaoua betri. Dawa yake ni kukata umeme kabisa. Ndiyo maana watu wanavumilia maumivu haya.

Sasa kwako fundi. Simulata haijachanganyikiwa. Iliyokuwa imechanganyikiwa ni ile ya mwanzo.

Fikiria RTL yako. Ndani ya Verilog hakuna umeme. Rejista ukiiandikia 1, ina 1 mpaka uibadilishe, hata kama PMU wako ameshusha swichi nusu saa iliyopita. Kwenye ile simulesheni ya kwanza, pwr_en ya ACC ilikuwa waya tu usiofika popote. Mtaa mzima mgao umepita, na wewe kwenye ramani yako taa zinawaka.

UPF ndiyo inayoleta umeme. Ukitangaza kanda na swichi yake, simulata inajua kwamba swichi ikifunguka, kila rejista na kila waya unaoendeshwa na kanda ile unageuka X. X hapo maana yake ni "hakuna ajuaye". Kwenye silikoni hakutakuwa na X, kutakuwa na takataka: leo 0, kesho 1, keshokutwa volti ya katikati isiyo huku wala kule.

Kwa hiyo X kutokea ndani ya ACC ni sawa kabisa. Kosa ni X kuvuka ukuta. Tuwekee mistari yako ya kutenga, yaani ya kuzuia X zisivuke, tuione.

---

fundi_transista

Asante sana Bi Saketi. Hii hapa:

```
set_isolation iso_acc -domain PD_ACC \
  -applies_to outputs -clamp_value 0 \
  -isolation_supply_set SS_AON \
  -isolation_signal iso_en \
  -isolation_sense high -location parent
```

Matokeo yote ya ACC yanafungwa kwenye 0, seli za kutenga zinakula umeme wa kanda isiyozimwa. PMU anapandisha iso_en kwanza, anasubiri mapigo manne ya saa, ndipo anakata. Nimehakikisha mpangilio mara tatu. Lakini X zinapita tu.

---

mzee_wa_volti

Wanangu, mimi nimekaa upande wa leiauti tangu enzi za mikroni 0.35. Nitasema bila kupepesa: hii simulesheni ya umeme ni kupoteza muda na leseni. Ukaguzi tuli unatosha. Unampa mkaguzi netilisti (orodha ya mageti na waya zake) na UPF, kwa saa moja anakwambia seli gani ya kutenga imekosekana, kibadili volti gani hakipo. Simulesheni inakula siku tatu kukuonyesha picha nyekundu.

---

Bi Saketi

Mzee shikamoo. Ukaguzi tuli ninaufanya na siku zote ninaufanya kwanza, hapo tuko pamoja. Lakini ukaguzi tuli unajibu swali "je, mlango upo?" Hauwezi kujibu "je, mlango ulifungwa kabla mbwa hajatoka?" Mfuatano wa kulala na kuamka ni jambo la wakati. Simamisha saa, tenga, hifadhi, kata. Kisha washa, weka riseti, rudisha, ondoa utengo, anzisha saa. Geuza hatua mbili tu hapo, kila seli iko mahali pake na chipu haiamki.

Fundi: iso_en inatoka kwa PMU, sawa. Inapita wapi kabla ya kufika kwenye seli? Ifuate waya kwa waya. Usiangalie jina, angalia kanda.

---

mzee_wa_volti

Marahaba. Hapo kwenye mfuatano nimekuelewa. Ila bado siku tatu.

---

fundi_transista

Duh. DUH.

Nimeifuata. PMU anatoa iso_en safi. Mwenzangu mmoja aliona inavuka kutoka saa moja kwenda nyingine, akaiwekea flipflopu (seli za kumbukumbu ya biti moja) mbili za kusawazisha. Vizuri kabisa. Ila alizipachika ndani ya moduli ya kufunika ACC, na moduli hiyo yote iko PD_ACC, kanda ile inayozimwa. Umeme ukikatika zile flipflopu mbili zinakuwa X, iso_en inakuwa X, seli ya kutenga yenyewe haijui ifunge au ifungue.

---

kasuku_wa_pwani

Hahaaa, yaani mmefungia ufunguo ndani ya nyumba. Hata mimi nisiyejua kitu nimeelewa.

---

Bi Saketi

Ndilo kosa nililokutana nalo mara nyingi kuliko yote katika kazi hii. Na tazama, kwenye RTL ya kawaida zile flipflopu zilifanya kazi siku zote, maana hazikuwahi kukosa umeme. Zihamishie kanda isiyozimwa. Ukishamaliza, fuata vilevile ishara za kuhifadhi, za riseti, na ya swichi yenyewe. Mtu akikosea moja hivyo, mara nyingi amekosea na nyingine.

---

njoro_254

Wadau salama? Mimi niko Nairobi, nasoma huu uzi nikiwa na wivu. Nyinyi mnaongea UPF kama maji, lakini simulata zinazosoma UPF ni za leseni, na bei zake mnazijua. Sisi tunaocheza na Sky130 (teknolojia huria ya kutengeneza chipu) na zana huria tufanyeje? Nina simulata za Verilator na Icarus, basi.

---

Bi Saketi

Njoro, hujafungiwa nje kabisa. Kwanza weka Verilator kando kwa kazi hii. Ni ya haraka mno, lakini kimsingi inahesabu kwa 0 na 1 tu, X haiibebi. Unaweza kuiambia ijaze thamani za bahati nasibu mahali pa X, na hilo linafichua baadhi ya makosa ya riseti, ila hutaona takataka ikisambaa. Icarus ina hali nne, ndiyo yako.

Sky130 ina zawadi ambayo wengi wanaipita. Modeli za Verilog za seli zake zina toleo lenye pini za umeme. Ukiwasha USE_POWER_PINS, kila seli inapata VPWR na VGND, na ndani yake kuna kipengele kinachokagua: VPWR ikiwa 1 na VGND ikiwa 0 jibu linapita, la sivyo linatoka X. Kwa hiyo ukishafanya sinthesisi (kugeuza msimbo kuwa mageti), unganisha VPWR ya kanda yako na waya wake peke yake, kisha kwenye testibenchi (msimbo wa kujaribia) ushushe waya huo uone. Hiyo ni simulesheni ya umeme, ya mikono, bila UPF. Inakwenda polepole kwa sababu uko ngazi ya mageti, lakini X zake ni za kweli. Maktaba ya hd ina hata seli za kutenga, tafuta zenye lpflow kwenye jina.

Kwenye RTL ya kabla ya sinthesisi, funika moduli yako: matokeo yote yapite kwenye sharti la "umeme upo? toa, haupo? toa X", na rejista za ndani uzilazimishe X wakati umeme umekatika. Inachosha na ni rahisi kusahau waya mmoja. UPF ilizaliwa kwa sababu watu walichoka kufanya hivyo.

---

njoro_254

Poa sana, hiyo ya USE_POWER_PINS nilikuwa naizima kila siku nikidhani ni kelele! Nimecheki pia Caravel, kile kiunzi huria cha chipu za Sky130, kuna moduli yao inaitwa mgmt_protect katikati ya prosesa ya usimamizi na eneo la mtumiaji. Nimeisoma upya sasa hivi. Kumbe kazi yake ndiyo hii: eneo la mtumiaji likikosa umeme, takataka isirudi upande wa usimamizi.

---

Bi Saketi

Ndiyo hiyo hiyo. Isome mstari kwa mstari, ni darasa la bure.

---

mpita_njia_77

UPF na CPF ni kitu kimoja? Kuna faili la zamani nimepewa.

---

Bi Saketi

Lengo moja, lugha mbili. Zote zilitoka 2007: UPF chini ya Accellera, CPF upande wa Cadence kupitia Si2. UPF ikawa kiwango cha IEEE 1801 mwaka 2009, kikapitiwa tena 2013, 2015, 2018 na 2024. Kazi mpya ifanye kwa UPF. La zamani lihamishe, usilitunze kama urithi wa babu.

---

fundi_transista

Mrejesho wakuu. Nimehamisha zile flipflopu, 37 zimebaki 9. Sikukimbilia kupiga vigelegele.

Kati ya hizo 9, 6 zina X baada ya KUAMKA, sio wakati wa kulala. ACC ina jedwali la vizidishi vya kichujio, maneno 64. Tulilijaza kwa $readmemh (amri ya Verilog ya kusoma faili) ndani ya initial. Likizimwa linakuwa X, likiwashwa linabaki X milele.

---

Bi Saketi

Kwa sababu initial inafanya kazi mara moja, sekunde ya sifuri, na chipu yako "huzaliwa" kila inapoamka. Jiulize swali moja tu: kwenye silikoni jedwali hilo ni nini? Kama ni ROM ya kweli, yaliyomo hayapotei, modeli yake ndiyo mbaya, mwambie simulata asiyachafue yaliyomo bali matokeo yake tu. Kama ni rejista au RAM, basi X inasema kweli, na ni lazima mtu aijaze upya kila ACC inapoamka. Nani anaijaza?

---

fundi_transista

Ni RAM. Na hakuna mtu anayeijaza. 🙈 Yaani tungetengeneza chipu inayofanya kazi mara moja tu maishani, na hiyo mara moja ingekuwa kwenye simulesheni.

Tunajadiliana: rejista za kuhifadhi au programu ijaze upya?

---

mzee_wa_volti

Hapo niulize mimi. Rejista ya kuhifadhi ina lachi ya ziada pembeni, na lachi hiyo inahitaji umeme usiozimwa ufike mpaka ndani ya kanda inayozimwa. Eneo linakua, waya zinakua, mtu wa leiauti anakulaani. Maneno 64 prosesa itayaandika kabla hujapepesa macho. Hifadhi vile tu ambavyo ukivipoteza huwezi kuvitengeneza tena.

---

Bi Saketi

Naunga mkono, na nyongeza: usihifadhi nusu bila kufikiri. Nimewahi kuona mashine ya hali imehifadhiwa halafu kihesabuji chake hakijahifadhiwa. Inaamka ikidhani iko hatua ya tano, kihesabuji kiko sifuri. Hakuna X hata moja, kila kitu ni kijani, na jibu ni la uongo.

---

fundi_transista

Programu itajaza. Zimebaki 3. Na hizi zinanitisha kwa sababu hazina X! Mbili: prosesa hailali kabisa, kila ikijaribu inaamshwa. Moja: basi inaganda.

---

Bi Saketi

Nitapiga ramli. Ulifunga matokeo YOTE ya ACC kwenye 0. Ishara yako ya kukatiza inaitwaje?

---

fundi_transista

irq_n.

…

Nimeelewa. Nimejipiga kofi la kichwa.

---

kasuku_wa_pwani

Sisi wa mkekani tufafanulieni jamani.

---

fundi_transista

Hiyo n mwishoni maana yake ishara inaita ikiwa 0. Nimeizima ACC, seli za kutenga zikafunga irq_n kwenye 0, kwa hiyo ACC iliyokufa inapiga kelele "niangalie, niangalie" muda wote. Prosesa italalaje? Na ile ya kuganda ni HREADYOUT ya basi ya AHB: programu ikijaribu kusoma ACC iliyozimwa, inafungwa kwenye 0, maana yake "subiri kidogo", na basi inasubiri mpaka kiama.

Zote mbili nimezitoa kwenye kanuni ya jumla na kuziwekea -clamp_value 1. Kwa upande wa AHB, PMU pia atarudisha jibu la kosa, maana kusoma sifuri kutoka kwa maiti na kuziamini si jambo zuri.

412 kwa 412. Sasa naogopa kusema chochote.

---

Bi Saketi

Uogope hivyohivyo. Una maswali mawili hujaulizwa.

La kwanza ni volti. Mpaka sasa tumeongelea kuzima na kuwasha tu, lakini mwanzo ulisema prosesa inatembea 0.8 na 1.0, na kanda isiyozimwa iko 0.9. Kwa simulata, 1 ya volti 0.8 na 1 ya volti 1.0 ni 1. Kwa transista si hivyo. Ishara ya 0.9 ikiingia geti la 1.0, PMOS ya pale haizimiki sawasawa, mkondo unavuja toka juu hadi chini, na geti linachelewa. Ni kama redio ya Marekani ya volti 120 na soketi yetu ya 230, ila hapa kinyume, hakuna moshi wa kukuonya. Ndiyo kazi ya kibadili volti. Kwenye UPF kila waya wa umeme una hali na una volti, hata testibenchi yako inapoita supply_on inapeleka namba. Tuambie kwenye jedwali lako la hali za umeme, prosesa umeiandikia hali ngapi?

---

fundi_transista

Mbili. Imezimwa, na 0.8.

Ile ya 1.0 tuliiongeza baadaye, wakati wa kubana kazi. Kwenye RTL ipo. Kwenye UPF… haipo.

---

mzee_wa_volti

Hapo sasa. Zana imeona kanda isiyozimwa 0.9 inaipelekea prosesa 0.8. Kutoka juu kwenda chini. Kanuni yako bila shaka inasema low_to_high peke yake. Kwa hiyo kuelekea prosesa hakijawekwa kibadili volti hata kimoja. Siku prosesa inapanda 1.0, mwelekeo unageuka, na ukuta hauna kitu. Na mkaguzi wangu tuli angekupitisha, kwa sababu yeye anaamini jedwali uliloandika. Nakiri hilo.

---

fundi_transista

Mzee umeona kama ulikuwepo. Low_to_high. Na kwenye logi simulata ilikuwa inalalamika kwamba umeme umeingia hali isiyotangazwa. Onyo hilo nilikuwa nimelizima kwa sababu lilikuwa linajaza skrini.

---

njoro_254

Bana, kila mtu ana onyo moja alilizima. Tusameheane.

---

Bi Saketi

Liwashe, na uligeuze kuwa kosa la kusimamisha testi. Kisha jaribu mabadiliko yenyewe, sio vituo tu. Kupanda: volti kwanza, saa baadaye. Kushuka: saa kwanza, volti baadaye. Testibenchi yako inarusha volti kutoka 0.8 hadi 1.0 kwa pigo moja, lakini regyuleta ya kweli inachukua mikrosekunde kadhaa. Ipandishe kwa ngazi, uone kama PMU anasubiri kweli au anahesabu mapigo kwa imani.

La pili ni X yenyewe. Verilog ina matumaini kupita kiasi. Ukiandika if na sharti likawa X, inaingia else kimyakimya, kama hakuna lililotokea. Kwa hiyo baadhi ya testi zako zinaweza kuwa zimepita kwa sababu X ilimezwa njiani. Weka aseshoni (sharti ambalo simulata hulikagua muda wote) kwenye kila ishara inayovuka kutoka ACC: utengo ukiwa umewashwa, hakuna X, utengo ukiondolewa, hakuna X. Na jingine kwenye iso_en yenyewe, isiwe X hata sekunde moja. Ni mistari michache.

---

fundi_transista

Nimeweka aseshoni usiku huu, nimeongeza hali ya 1.0, kanuni ya kibadili volti sasa ni both. Nimerusha zote tena.

Zile 37 za mwanzo zote ni kijani. Lakini kati ya zile 375 ambazo hazikuwahi kufeli tangu siku ya kwanza, mbili sasa zimefeli. Sharti la if kwenye kidhibiti cha kufuta FIFO (foleni ya data), X mapigo matatu baada ya utengo kuondolewa.

Naongeza maji ya kahawa. Nitarudi.